Wachezaji wanaokimbilia ligi ndogo: kuondoka si shida, shida ni kurudi

Namba Sita (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila dirisha la usajili likifunguliwa tunarudia ugomvi uleule. Mchezaji mwenye jina anaondoka Ulaya anakwenda Saudia. Jana ilikuwa China, juzi Urusi. Upande mmoja unasema tamaa mbele, mauti nyuma. Upande wa pili unajibu, "Wewe ungewekewa mezani hizo hela ungekataa?" Dirisha linafungwa, kila mtu anabaki na lake.

Mwaka 2016 nilikuwa upande wa kwanza, na nilikuwa mkali haswa. Leo nimehama, lakini sikuhamia upande wa pili. Nivumilieni nieleze, uzi ni mrefu kidogo.

Aliyenitonesha mwaka ule ni Oscar. Wanaoikumbuka Septemba 2012, Chelsea na Juventus, watanielewa. Dogo ana miaka 21, ndiyo kwanza anaanza mechi ya Ligi ya Mabingwa. Anapokea mpira nje ya boksi huku goli likiwa mgongoni kwake, mguso mmoja unampeleka upande ambao kiungo wao Pirlo hakuutarajia, anageuka, anaukunja. Kipa Buffon aliruka kadiri anavyoweza binadamu kuruka, haikutosha. Tangu usiku ule nilimfuatilia kijana yule kila mechi.

Miaka minne baadaye kocha Conte akageuza mfumo, Chelsea ikaanza kucheza na mabeki watatu nyuma, na kwenye mfumo ule namba kumi, yule kiungo anayecheza nyuma ya mshambuliaji, hana pa kukaa. Oscar akajikuta benchi. Desemba wakaja Shanghai SIPG na dau la takriban pauni milioni 60, na mshahara ulioripotiwa kufika pauni 400,000 kwa wiki. Akaenda. Ana miaka 25, umri ambao kiungo ndiyo kwanza anaanza kuiva. Alikaa kule miaka minane, akaondoka mwishoni mwa 2024 akiwa na miaka 33. Ubingwa wa China alibeba mara tatu. Lakini jezi ya Brazil hakuivaa tena hata kwa dakika moja, yeye aliyefunga lile bao pekee la Brazil siku walipofungwa saba kwa moja na Ujerumani, Kombe la Dunia 2014.

Nilimsema sana. Kila nikikutana na watu wa mpira, nilikuwa na neno moja tu kwa Oscar: kauza kipaji.

Aliyenitikisa ni Mbrazili mwenzake, Paulinho. Huyu alishindwa Tottenham, mwaka 2015 akaenda Guangzhou Evergrande, na wote tukamzika. Machi 2017, bado ni mchezaji wa China, Brazil inakwenda Montevideo kucheza na Uruguay kufuzu Kombe la Dunia. Paulinho anafunga mabao matatu peke yake, Brazil inashinda nne kwa moja. Agosti mwaka huohuo Barcelona wanalipa euro milioni 40 kumtoa China. Anabeba ubingwa wa Hispania, anacheza Kombe la Dunia 2018, halafu anarudi zake Guangzhou.

Nikawa najiuliza: hawa wawili walikwenda ligi ileile, kufuata pesa zilezile. Kwa nini mmoja alipotea machoni petu na mwingine akatokea Camp Nou, uwanja wa Barcelona?

Nikaanza kuwatazama wengine. Axel Witsel alikuwa anatakiwa na Juventus, Januari 2017 akachagua Tianjin Quanjian, na hakuficha kwamba ni kwa ajili ya familia yake. Mwaka mmoja na nusu baadaye alikuwa Dortmund, tena ametoka kushika nafasi ya tatu Kombe la Dunia na Ubelgiji. Yannick Carrasco aliondoka Atlético Madrid akiwa na miaka 24 kwenda Dalian ya China. Tulisema amejizika akiwa hai. Januari 2020 alirudi Atlético, na msimu wa 2020/21 akabeba ubingwa wa Hispania akiwa mchezaji wa kutegemewa.

Wakuu, hapo ndipo nilipoona kitu. Paulinho na Witsel, kwenye mikataba yao ya China kulikuwa na kiwango kilichoandikwa: klabu ikileta kiasi hiki, mchezaji anaondoka. Barcelona walilipa kile cha Paulinho, Dortmund wakalipa cha Witsel, kilichoripotiwa kuwa euro milioni 20. Yaani walipokuwa wanaingia walishaacha mlango wazi nyuma yao.

Na kuna kitu cha pili kizito kuliko hicho, ambacho ndicho hasa nimekuja nacho leo. Pesa haimzuii mchezaji kuondoka. Pesa inamzuia kurudi.

Fanyeni hesabu. Uingereza, mchezaji anayelipwa pauni 100,000 kwa wiki, mapato yake ya juu yanakatwa kodi ya asilimia 45, na juu yake kuna mchango wa bima ya taifa wa asilimia 2. Anabaki na kama 53,000. Saudia hakuna kodi ya mapato kwenye mshahara. Akiahidiwa 100,000 anaingiza 100,000. Sasa ili klabu ya Uingereza imfikishie mfukoni 100,000 hizohizo inabidi imlipe karibu 190,000. Na hapo tunazungumzia mshahara sawa. Ukweli ni kwamba kule wanalipwa mara mbili, mara tatu ya walichokuwa wanapata.

Kwa hiyo baada ya miaka miwili mchezaji anataka kurudi. Anapiga simu wakala. Wakala anazunguka klabu kumi, zote zinamwambia: tunampenda, lakini mshahara ule hatuuwezi. Kurudi kunamaanisha kukubali nusu, au robo. Na tayari ana nyumba alizonunua kwa mahesabu ya mshahara ule, ana ndugu wamezoea, ana watoto wamepata shule. Ni wachache sana wenye moyo wa kukata robo tatu ya kipato chao kwa ajili ya kucheza Ligi ya Mabingwa Jumanne usiku. Sisemi ni waoga. Nasema ukuta ule anaujenga mtu mwenyewe tofali moja kila mwisho wa mwezi, na hauoni mpaka siku anataka kutoka.

Ndiyo maana swali la "pesa au ndoto" naliona limekaa vibaya. Mimi siku hizi nikisikia kijana kasaini ligi ndogo nauliza mambo mawili tu: ana umri gani, na mkataba wake unatokaje?

Nakaribisha maoni. Matusi hapana.

---

Kona Fupi

Wakongwe heshima kwenu. Mleta uzi umeandika vizuri ila neno "ligi ndogo" limenikera kidogo. Al-Hilal ya Saudia walimfunga Manchester City nne kwa tatu kwenye Kombe la Dunia la Klabu 2025. Koulibaly kafunga, Bono kadaka mipira ambayo City mpaka leo hawaamini. Laporte kacheza fainali ya Euro 2024 na kubeba kombe na Hispania akiwa mchezaji wa Al-Nassr ya Saudia. Rúben Neves ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoipa Ureno ubingwa wa Ligi ya Mataifa Juni 2025, dhidi ya Hispania, na wakati huo klabu yake ilikuwa Al-Hilal. Kama ile ni ligi ndogo, hawa walikuwa wanafanya nini pale?

Halafu kuna Olunga, mshambuliaji wa Kenya. Mmemsahau? Alitoka China, akapita Girona akapiga mabao matatu kwenye mechi moja ya ligi ya Hispania, akaenda Japan. Mwaka 2019, kwenye ushindi wa Kashiwa Reysol wa 13 kwa 1, mabao manane yalikuwa yake peke yake. Mwaka 2020 akafunga 28 kwenye ligi kuu ya Japan na kuwa mchezaji bora wa ligi. Wote tukasema sasa Ulaya. Januari 2021 akasaini Al-Duhail ya Qatar. Mimi sikumlaumu hata siku moja. Naomba maoni yako.

---

Namba Sita (mleta uzi)

Kona Fupi, umenibana vizuri, na hoja yako ya Neves siwezi kuipangua. Nilisahau kabisa ile penalti. Nimekubali: neno "ndogo" halimwendei kila mtu, na timu ya taifa ya leo haimfungii mlango mtu kwa sababu ya ligi kama miaka ya Oscar.

Lakini tuangalie kwa utulivu. Al-Hilal kumfunga City ni mechi moja, usiku mmoja, kikosi kamili, kila mtu amekaza. Mimi ninachokipima ni wiki ya kawaida. Mwezi Novemba, mechi ya ligi dhidi ya timu ya chini kwenye msimamo. Je, beki anayekukaba anakulazimisha ufikirie haraka kuliko jana? Mazoezini, kuna mtu wa miaka 19 anataka namba yako kiasi kwamba huwezi kulala? Kwa Laporte wa miaka 29 au 30 ambaye ameshafundwa na kocha Guardiola pale City, kichwa chake kimejaa, anaweza kuishi na akiba ile. Kijana wa miaka 21 hana akiba. Anachokipata kila wiki ndicho atakachokuwa.

Na hapo ndipo ninapoumia na Gabri Veiga. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 11 ya ligi akiwa Celta Vigo, kiungo, kijana kabisa, klabu kubwa zinamwinda. Akaenda Al-Ahli ya Saudia akiwa na miaka 21. Toni Kroos aliandika neno moja tu, "aibu," chini ya habari ile, dunia nzima ikalisoma. Niliona Kroos amezidisha. Mtu aliyekuwa Real Madrid kwa miaka kumi ni rahisi kumhukumu mtu wa Celta. Ila nilihuzunika. Mwaka 2025 Veiga alikwenda Porto, kwa hiyo mlango wake ulifunguka na nikafurahi kwa dhati. Miaka ile miwili ya kuiva lakini hairudishwi na mtu.

Jhon Durán ni huohuo. Januari 2025 ana miaka 21, anatoka Aston Villa, Al-Nassr wanalipa karibu euro milioni 77. Miezi sita baadaye anapelekwa kwa mkopo Fenerbahçe. Mshambuliaji wa umri ule anatakiwa akae sehemu moja, kocha mmoja amsumbue.

Olunga nitakujibu kwa kifupi: sikumlaumu na simlaumu. Alikuwa na miaka 26, anatoka Japan, na klabu za Ulaya huwa hazimlipi mchezaji wa ligi ya Japan mwenye miaka 26 hata robo ya anacholipwa Doha. Wengi wa wanaosema "angekwenda Ulaya" hawaitaji klabu, hawautaji mshahara. Ulaya gani? Benchi la timu inayopigania kutoshuka daraja? Mlango wa Ulaya haufunguki sawa kwa kila pasipoti, na hilo ni lazima lisemwe kabla ya kumwita mtu mwenye tamaa.

---

Beki Mstaafu

Wadau, mimi huwa nasoma tu, leo nitaandika kwa sababu jambo hili nimelila kwa kijiko.

Nimecheza mpira wa kulipwa miaka tisa. Si kwa majina haya mnayoyataja. Daraja la chini, uwanja wenye mashabiki mia tatu na mlinzi mmoja. Nikiwa na miaka 24 nilikuwa na klabu nzuri, ndogo, inayolipa kidogo lakini inalipa tarehe ileile kila mwezi. Ikaja klabu ya nchi nyingine, ligi ya chini kuliko yetu, ikaniahidi mara tatu. Sitaitaja. Wakala akaniambia fursa haibishi hodi mara mbili. Nilisaini nikiwa nimesimama, kwenye boneti ya gari, sikusoma hata ukurasa wa pili.

Mwezi wa kwanza walilipa. Wa pili wakalipa nusu. Wa tatu wakasema mfadhili amesafiri. Wa tano niliacha kuuliza. Tulikuwa wachezaji wanne wa kigeni kwenye nyumba moja, pasipoti zetu zilikuwa ofisini kwa klabu "kwa ajili ya vibali." Mechi za Jumamosi tulicheza, kwa sababu tuliambiwa asiyecheza atahesabiwa amevunja mkataba. Nakumbuka jioni moja tumekaa sakafuni tunaangalia kwenye simu mechi ya timu yangu ya zamani, simu imeegemezwa kwenye kiatu cha mpira. Yule aliyechukua namba yangu ya beki wa kushoto alikuwa anacheza vizuri. Alikuwa na miaka 20. Nilitazama mpaka mwisho, sikusema kitu.

Sasa Namba Sita anazungumzia wanaokataa kurudi kwa sababu mshahara ni mkubwa. Sawa. Ila mjue kwamba kwa wengi wetu mshahara wenyewe haupo. FIFPRO, chama cha wachezaji duniani, mwaka 2016 waliwauliza wachezaji takriban 14,000 kwenye nchi 54. Asilimia 41 walisema wamecheleweshewa mishahara ndani ya misimu miwili. Siyo wawili watatu wenye bahati mbaya. Ni karibu nusu.

Nasema hivi kwa sababu wote wanaozungumzia "kuchagua pesa" wanadhani pesa iliyoandikwa ni pesa iliyolipwa. Siku hizi kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa miezi miwili kuiandikia klabu, akiipa angalau siku 15, na wasipolipa anaweza kuvunja mkataba kwa haki. Kifungu hicho kilianza kutumika 2018. Wakati wangu hakikuwepo, na hata kingekuwepo nisingekijua.

---

Namba Sita (mleta uzi)

Kaka mkubwa, pole sana. Nimesoma mara mbili. Ile simu iliyoegemezwa kwenye kiatu nitaondoka nayo.

Umenisaidia kusema jambo ambalo nililiacha nje ya uzi wangu. Hata kule juu, kwenye majina makubwa, pesa ilikuja na kukatika kama bomba. Anzhi Makhachkala ya Urusi walimchukua Samuel Eto'o Agosti 2011, mtu mwenye makombe matatu ya Ligi ya Mabingwa, kwa mshahara ulioripotiwa kuwa euro milioni 20 kwa mwaka baada ya kodi. Wachezaji walikuwa wanaishi na kufanya mazoezi Moscow kwa sababu za usalama, siku ya mechi ya nyumbani wanapanda ndege zaidi ya kilomita 1,500 kwenda Dagestan, jimbo ilipo Makhachkala. Fikirieni hiyo: nyumbani ni safari. Agosti 2013 tajiri mwenye klabu akabadili mawazo, akapunguza bajeti, kikosi kikauzwa ndani ya wiki chache. Willian alikuwa amefika Januari tu. Msimu huohuo Anzhi wakashuka daraja, na 2022 klabu ikafutika.

Jiangsu walibeba ubingwa wa China Novemba 2020, Februari 2021 wakafunga shughuli. Bingwa mtetezi! Klabu ile ya Witsel haipo tangu 2020. Na Guangzhou ya Paulinho, mabingwa wa China mara nane na wa Asia mara mbili, Januari 2025 walikosa leseni kwa sababu ya madeni na kufutika. China yenyewe iliweka kikomo cha mishahara ya wageni kuanzia msimu wa 2021, cha euro milioni 3 kwa mwaka. Waliowahi wakawahi.

Ndiyo maana simuiti mjinga mchezaji anayechukua mapema. Kiatu kimoja kibaya kwenye goti na mambo yameisha. Neymar alitua Al-Hilal 2023 kwa euro milioni 90, Oktoba akaumia goti akiwa na Brazil, mpaka mkataba unavunjwa Januari 2025 alikuwa amecheza mechi saba tu. Goti lile lingeweza kuumia popote.

---

Karatasi Nyeupe

Mnazungumza kama jambo hili limeanza na Saudia. Mimi ni mpenzi wa historia ya soka, naomba niweke hapa kisa kimoja cha zamani maana kinahusu uzi huu moja kwa moja.

Mwaka 1950, Neil Franklin alikuwa beki wa kati wa Stoke City na England, mmoja wa bora duniani kwenye nafasi ile, alikuwa amecheza mechi 27 za England mfululizo. Uingereza wakati ule kulikuwa na kikomo cha mshahara, pauni 12 kwa wiki, uwe mfungaji bora uwe wa akiba. Viwanja vinajaa makumi ya maelfu, pesa wanagawana wenye klabu. Colombia ilikuwa na ligi iliyojitoa kwenye utaratibu wa FIFA, kwa hiyo klabu zake zilichukua wachezaji bila kulipa ada yoyote ya uhamisho na kuwapa wao pesa nyingi. Franklin akapanda ndege kwenda Independiente Santa Fe ya Bogotá, akalikosa Kombe la Dunia lililokuwa linaanza Brazil wiki chache baadaye. England wakaenda bila yeye, wakafungwa na Marekani moja kwa sifuri.

Franklin hakukaa hata msimu. Alicheza mechi chache akarudi nyumbani. Walimfungia, akauzwa Hull City, na England haikumwita tena. Magazeti yalimwita msaliti. Wenye klabu waliomlipa pauni 12 hakuna aliyewaita chochote. Kikomo kile kilikuja kuondolewa 1961.

Lakini ligi ileile ya Bogotá ilikuwa na kijana mwingine aliyekimbilia pesa. Baada ya mgomo wa wachezaji wa Argentina, mwaka 1949 Alfredo Di Stéfano aliondoka River Plate kwenda Millonarios akiwa na miaka 23. Mwaka 1953 akaenda Real Madrid. Makombe matano ya Ulaya mfululizo, 1956 mpaka 1960, na alifunga kwenye fainali zote tano.

---

Namba Sita (mleta uzi)

Karatasi Nyeupe, hiki cha Franklin sikukijua, na kimenigonga. Ligi ileile tena! Mmoja alirudi akakuta mlango umefungwa kwa kufuli na wenye nyumba, mwingine akapita dirisha la Madrid akawa mfalme.

Na umeonyesha jambo ambalo mimi kama shabiki sikutaka kuliona. Mchezaji akifuata pesa tunasema tamaa. Klabu ikimuuza kwa sababu ya pesa tunasema biashara nzuri. Chelsea walipochukua zile milioni 60 za Oscar, mtu ambaye kocha hakuwa na kazi naye, nilisema uongozi umecheza vizuri. Siku ileile, sentensi mbili tofauti, mdomo uleule.

Hata Salah: watu wanasema alikataa Saudia 2023. Iliyokataa ile ofa ya pauni milioni 150 ni Liverpool. Alibaki, msimu wa 2024/25 akafunga mabao 29 na kutoa pasi 18 za mabao, akabeba ubingwa wa ligi kuu ya Uingereza. Nina furaha alibaki. Ila tusimpe sifa ya uamuzi ambao tunaojua kwa hakika ni wa klabu.

Ninayemheshimu zaidi kwenye mada hii yote ni Odion Ighalo. Aliondoka Watford Januari 2017 kwenda Changchun Yatai ya China, moja kwa moja kwa ajili ya pesa, na hakuna aliyeshangaa. Mwaka 2019, akiwa bado China, alikuwa mfungaji bora wa AFCON kwa mabao matano. Halafu siku ya mwisho ya dirisha, Januari 2020, Manchester United wanahangaika kutafuta mshambuliaji. Hii ndiyo timu aliyoipenda tangu utotoni. Iliripotiwa kwamba alikubali kukatwa mshahara ili mambo yakamilike usiku uleule. Akafika Uingereza, na kwa sababu ya virusi vya korona wakamtenga, akafanya mazoezi peke yake mbali na kambi ya timu kama wiki mbili. Miaka 30, ametoka kwenye mshahara mnono, anakimbia peke yake kwenye baridi akisubiri kuruhusiwa kuvaa jezi ile. Alifunga mabao matano kabla ya kuondoka. Machache. Mimi ninayahesabu makubwa.

Ukiniuliza ndoto ni nini, nitakuonyesha yule mtu kwenye mazoezi yale. Alikuwa ameshachukua pesa na ndoto bado ipo.

---

Kona Fupi

Mkuu Namba Sita, kwa hiyo Oscar umemsamehe?

---

Namba Sita (mleta uzi)

Kona Fupi, nimejiuliza hilo tangu jana. Hakunikosea kitu, kwa hiyo sina cha kumsamehe. Alikuwa na familia, alikaa benchi, walimletea pesa ambazo hazikuwahi kumfikia mtu yeyote wa ukoo wake. Nilichokuwa nakililia kilikuwa changu mimi: nilitaka nimtazame miaka minane mingine. Yeye hakuniahidi.

Bado naamini angekuwa mmoja wa viungo bora wa kizazi chake. Bado inaniuma. Ile klipu ya Juventus ninayo kwenye simu, nimeiangalia tena asubuhi.

---

Beki Mstaafu

Naomba msaada wenu kabla uzi haujazama. Nina mtoto wa dada yangu, winga, miaka 19, anacheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza mimi. Wiki hii kapewa karatasi na klabu ya ligi moja ya mbali. Mshahara ni mara nne ya anaopata. Miaka minne. Mama yake anataka asaini. Mimi nikisema neno naonekana mwenye wivu au mwenye machungu yangu.

---

Namba Sita (mleta uzi)

Kaka mkubwa, usimwambie asiende. Akisikia "usiende" atasaini leo jioni.

Mwambie aombe miaka miwili badala ya minne. Aombe kiandikwe kiasi ambacho klabu nyingine ikileta anaachiwa, na kiwe kiasi ambacho klabu ya kawaida inaweza kukilipa, siyo namba ya kumfungia. Aulize kwa maandishi ligi ile inaruhusu wageni wangapi kwenye orodha, na yeye atakuwa wa ngapi. Saudia, Al-Ahli walimtoa Firmino kwenye orodha ya ligi Februari 2025 kwa sababu ya idadi ya wageni, halafu Mei akawa mchezaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya Asia waliyoichukua. Firmino ana jina la kuvumilia hilo. Mwanao hana. Na pasipoti yake asimwachie mtu, hata kwa siku moja, hata kwa ajili ya kibali. Aende nayo mwenyewe, asimame pale, arudi nayo.

Halafu mpe kisa chako chote. Usikifupishe. Mwambie na ile ya simu na kiatu.

---

Beki Mstaafu

Hiyo sijawahi kumwambia mtu wa familia. Nitampigia usiku huu, mama yake akishalala.